Mbeleko ya Bunduki

Mimi si mrefu, na bunduki niliyokabidhiwa na serikali ya Mwingereza haikuwa fupi. Tukisimama pamoja, kitako chini na mtutu juu, ilinifika kwapani. Wake za jirani zetu kule Mbozi walikuwa wakiulizana, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, ni nani kati yetu anayemsindikiza mwenzake kazini.

Nilikuwa askari wa nyama. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hudhani nililinda bucha. Kazi yangu ilikuwa kulinda mashamba ya watu yasiliwe na wanyama wa porini, kuanzia kwetu Mbozi hadi Tunduma mpakani, na upande wa pili kuteremka bondeni hadi Galula. Ngiri wa Itaka walinijua, nyani walinijua zaidi, na mbogo wa bondeni hawakunijali kabisa. Mkubwa wangu alikuwa Mzungu mmoja aliyekaa Mbeya, ambaye sote tulimwita Bwana Nyama, kama walivyoitwa wote wa cheo chake.

Pikipiki nilijifunza vitani, kule Burma, ambako kazi yangu ilikuwa kupeleka barua za wakubwa kutoka kambi hadi kambi huku mvua ikininyeshea kifuani. Niliporudi salama nilijiapiza kuwa sitapanda tena kitu kile. Kisha nikapewa kazi ya kutembea kwa miguu kutoka Mbozi hadi Galula, na kiapo kikalegea chenyewe. Mlowezi mmoja wa kahawa karibu na Vwawa alikuwa anarudi kwao, akauza kila kitu, nami nikaichukua pikipiki yake kuukuu, nyeusi, yenye kelele za kuamsha maiti. Katika wilaya yetu hapakuwa na Mwafrika mwingine mwenye pikipiki. Nasema hivi bila majivuno, ingawa wakati ule nilikuwa nayo tele.

Shida ilikuwa bunduki. Kwa miguu unaiweka begani kama jembe, mambo yamekwisha. Juu ya pikipiki mikono yote miwili ina kazi, na barabara zetu hazikuwa barabara za kumwachia mtu mkono hata mmoja.

Kwanza niliivaa mgongoni mshazari, kama nilivyowaona wenzangu jeshini. Asubuhi ileile nikapita kwenye nyumba za misheni ya Mbozi, nikikata kona karibu na ukumbi wa mchungaji ili mkewe anione. Mtutu ukanasa kamba ya nguo. Sikuhisi kitu. Nikaingia barabara kuu nikishangaa heshima ninayopewa, maana wazee wawili walisimama wakavua kofia, na mwanamke mmoja akapiga goti. Nilipofika darajani ndipo nilipogeuka nikaona joho la ibada la mchungaji likipepea nyuma yangu. Nililirudisha nikiwa nimelikunja kifuani kama mtoto mchanga, na mchungaji alilipokea kwa mikono miwili.

Nikaisimamisha wima mgongoni. Njia ya kwenda Itaka ilikuwa na mashimo, na kwa kila shimo bunduki iliniinua kidogo, ikanipiga kisogoni. Nilifika nikiwa sikumbuki vizuri nimefuata nini.

Ndipo nikaamua kuifunga ubavuni mwa pikipiki kwa vipande vya mpira wa tairi, mafundo manne, kila fundo nikilikaza kwa meno. Hapo ilitulia, haikucheza hata kidogo. Nikaenda nayo kwa mjane mmoja wa Itaka aliyekuwa akisumbuliwa na ngiri kwenye karanga. Ngiri alikuwepo, mchana kweupe, anafukua. Nilipofungua fundo la kwanza aliinua kichwa. La pili nilipolifungua, alikuwa amekwisha kunizoea, akaendelea kula. Nikiwa kwenye fundo la tatu alimaliza tuta moja akahamia jingine. Yule mjane alikuja taratibu, akasimama kando yangu, akaniuliza kwa adabu kama ningependa aniletee kigoda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile niliipiga teke pikipiki yangu mwenyewe, nikachechemea wiki nzima.

Habari za joho zilifika Mbeya kabla ya vidole vyangu kupona. Bwana Nyama akaniita. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza Kiswahili cha vitabuni, polepole, akilichagua kila neno. Alisema bunduki juu ya pikipiki ni ya aina tatu tu: ile itakayoanguka, ile itakayomuua mpita njia, na ile isiyoweza kutoka inapohitajika, na yeye hataki hata moja. Nilimwambia kwamba pikipiki ingenifikisha Galula kwa nusu siku badala ya siku tatu. Akafikiri. Mwishowe akanipa wiki mbili. Angekuja mwenyewe kwa gari lake hadi Galula, na mimi niteremke kwa pikipiki. Njiani angenifuata nyuma, na saa yoyote atakayotaka angepuliza filimbi. Kuanzia hapo angehesabu. Kabla hajafika ishirini niwe nimeshuka, bunduki iko mkononi, tayari kwa kazi, na tangu mwanzo hadi mwisho mtutu usimwelekee binadamu. Nikishindwa, pikipiki ibaki nyumbani na mimi nirudi kwenye miguu yangu.

Mtu asiyejua angesema, si utembee tu, ulitembea miaka yote. Lakini kule Galula ndiko alikotoka mke wangu, na mama yake alikuwa na shamba la mtama kando ya mto Songwe, karibu na kivuko. Kwenye matete ya pale alihamia mbogo mmoja dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake kwa sababu ya ukorofi. Msimu uliotangulia aliingia kwenye mtama wa mama mkwe. Walituma mtu, naye akatembea siku tatu hadi kwangu. Nami nikatembea siku tatu hadi kwao. Nilikuta mabua yamelala chini, na mbogo amerudi matetini akiwa ameshiba. Mama mkwe alikula mihogo ya kuomba mwaka ule. Sasa mtama ulikuwa unaiva tena, na mbogo alikuwa bado yupo. Kama ningeshindwa mtihani wa Bwana Nyama, njaa ingerudi kwenye nyumba ileile, na kosa lingekuwa langu tena.

Lazima niseme jambo kuhusu mimi na mama mkwe. Tangu siku ya harusi sikuwa nimemwona uso. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakutani macho. Akija njiani, wewe unaingia porini na kumpa mgongo mpaka apite. Ukija wewe, anaingia yeye. Ukimkaribia unakohoa kwanza. Hakuna kula pamoja wala kuitana. Akiwa na neno, analisema kwa mtu wa tatu hata kama umekaa upande wa pili wa ukuta na unasikia kila kitu. Yeye alikuwa Mkristo wa siku nyingi, na wachungaji walikwisha kuihubiri desturi ile mpaka wakachoka. Lakini ubatizo ulimwosha dhambi, haukumwosha heshima. Mwaka ule wa mtama uliolala nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yake, nikiwa nimeupa mlango mgongo, nikamsikia akimwambia binti yake aniambie kwamba mbogo alinisubiri kwa adabu zote, akaona sitokei, akaanza kula peke yake. Sikulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Niliona haya, na naona haya hata sasa ninapoliandika.

Kwa hiyo nilirudi kutoka Mbeya nikiwa mkali kwa kila mtu. Nilikaa uani nikichora bunduki na pikipiki kwenye vumbi, nachora nafuta. Mke wangu alikuwa anatwanga, mtoto wetu wa mwisho yuko mgongoni amelala, kichwa kinayumba kwa kila pigo la mchi.  Kisha akaweka mchi chini.

"Baba watoto, huyu anaanguka?"

Nilimwambia asiniletee mambo ya watoto, nina kazi ya serikali.

"Anaanguka?"

"Haanguki."

"Anampiga mtu teke la uso nikipita sokoni?"

Nikasema hapana.

"Nikimtaka je?" Akainama kidogo, akavuta ncha ya mbeleko kwa mkono mmoja, akazungusha kiuno, na kabla sijajibu mtoto alikuwa mbele, ananyonya. Akaendelea kunitazama. Wala hakucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nilimwambia kwamba bunduki si mtoto. Akasema ni kweli, mtoto ana akili, kwa hiyo bunduki inahitaji kufungwa vizuri zaidi. Nikaondoka kwa hasira, nikazunguka shamba la kahawa lote bila kuona hata mti mmoja. Siku mbili sikuzungumza naye. Siku ya tatu nilikwenda kwa fundi viatu wa misheni nikiwa na ngozi ya ng'ombe begani, nikamwambia nina wazo.

Yule fundi alinishonea ala ndefu, ngumu, yenye umbo la mguu wa buti la mtu mrefu sana, yenye tundu dogo chini la kutolea maji. Tuliifunga kwenye chuma cha pikipiki, upande wa kulia kwanza. Tulipoijaribu hadi Vwawa na kurudi, watu walifuata harufu wakidhani tumechoma nyama. Bomba la moshi lilikuwa upande uleule na ngozi ilikuwa inaiva. Tukaihamishia kushoto. Bunduki iliingia mtutu chini, ukitazama ardhi nyuma ya mguu wangu, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuwepo ila awe panya. Kitako kilibaki juu, karibu na paja. Risasi zote zilikuwa mkandani kiunoni, ndani ya bunduki hamna hata moja. Na lile komeo, yaani chuma kile kinachosukuma risasi na kuifungia, nililichomoa nikaliweka kwenye mfuko wa shati wenye kifungo. Bila komeo bunduki ni fimbo ya bei kubwa. Hata ikianguka, hata ikiibwa, haimdhuru mtu.

Ilibaki namna ya kukizuia kitako kisiruke mashimoni. Mimi nilitaka mkanda wa ngozi wenye bizimu ya chuma ya kuufungia. Mke wangu alikuja na kipande cha mbeleko yake kuukuu, ile iliyobeba watoto wetu watatu na imelainika kama maziwa. Akakizungusha mara mbili, akachomeka ncha kwa ndani, akaniambia nitikise. Nikatikisa kwa nguvu zangu zote, pikipiki nzima ikayumba, bunduki haikutoka. "Vuta ncha," akasema. Nikavuta kwa vidole viwili, ikafunguka yote. Bizimu nilimrudishia fundi viatu bila maelezo.

Tulifanya mazoezi uani kila jioni. Yeye alinihesabia kwa mchi, pigo moja, hesabu moja, ili unga wa kesho nao usichelewe. Mara ya kwanza nilifika ishirini na sita kwa sababu kifungo cha mfuko wa shati kilinigomea. Akakishona upya kwa uzi uliolegea. Nikafika kumi na nne, kisha kumi na moja. Majirani walianza kuja na vigoda. Siku moja kabla ya safari nilifika tisa, na mke wangu akatwanga la kumi kwa furaha tu. Nilimwambia kwamba wazo langu limefanya kazi. Akasema ameliona.

Nilipoteremka bondeni asubuhi ya mtihani joto lilinipokea usoni, na bunduki ilikaa kimya ubavuni safari nzima. Bwana Nyama alikuwa ananisubiri mahali ambapo njia yetu ya mteremko inakutana na barabara inayotoka Mbeya. Aliikagua ala, akavuta ncha ya mbeleko, akaifunga tena mwenyewe, akaifungua. Aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia ni utaalamu wa kienyeji. Kisha nikatangulia, naye akanifuata na gari lake kwa mbali ili vumbi langu lisimle.

Tulipokaribia kivuko, kulia kulikuwa na matete na kushoto mashamba ya mtama, mengine yamekwisha kuvunwa. Mbele niliona mwanamke amejitwika tenga la masuke. Sikuhitaji kuuona uso; uso wenyewe nisingeujua. Nilimjua kwa mwendo, kwa sababu mke wangu anatembea vivyo hivyo, akiweka kisigino kama anayekigombeza kidonge cha udongo. Alikuwa amewahi kuvuna anachoweza kabla mbogo hajakifikia.

Naye alinijua. Nani mwingine bondeni angekuja na mlio ule? Zamani za kutembea kwa miguu nilikuwa nakohoa, akasikia, akapata nafasi ya kuchagua upande wa kujificha. Pikipiki haikohoi kwa adabu. Ilimkurupusha, na mama yule wa heshima zake, mwenye miaka mingi ya kumkwepa mkwe bila kukosea hata mara moja, aliingia upande uliokuwa karibu zaidi. Akaingia matetini. Kila mtu wa Galula alijua nani analala mchana ndani ya matete yale, na yeye alijua kuliko wote.

Nami nikafanya nini? Nilifanya kilichonipasa. Nilizima pikipiki, nikageukia upande wa mtama, nikampa mgongo, nikaivuta kofia usoni nikingoja apite. Ndivyo mwanaume aliyelelewa anavyofanya. Nilisimama pale nikiwa nimejaa adabu, na nyuma yangu heshima ilikuwa imempeleka mama mkwe kwa mbogo.

Bwana Nyama, ambaye kwao labda wakwe huketi meza moja, aliona tu askari wake amesimama barabarani anaangalia mtama. Akaona hapo ndipo pazuri. Akapuliza filimbi.

Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nikavuta ncha ya mbeleko, bunduki ikatoka, komeo likatoka mfukoni likaingia mahali pake, risasi ikaingia. Kwa mbali nilimsikia Bwana Nyama akihesabu kwa sauti, akiwa ameshuka garini. Alikuwa amefika nane. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Ndipo matete yakavunjika.

Niligeuka. Mama mkwe alitoka akikimbia, tenga bado kichwani amelishika kwa mikono miwili, na nyuma yake akatoka mbogo. Mbogo hakukimbia. Alitoka hatua tatu, akasimama, akainua pua, akatutazama kama mtu anayekumbuka madeni ya watu. Mama mkwe akawa katikati yetu, mstari mmoja, mimi huku na yule kule. Aliinua macho akaniona ninamtazama. Angeweza kuendelea kukimbia kuja kwangu, angekuwa salama. Lakini mama huyu hakuwahi kumkimbilia mkwe, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Alichuchumaa palepale barabarani, akamwaga masuke, akajifunika tenga kichwani hadi mabegani.

"Mimi sipo," akasema kutoka ndani ya tenga. "Piga."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyonielekezea mimi moja kwa moja. Na kweli, kichwa cha mbogo kilikuwa juu ya tenga, wazi, ningeweza kufyatua. Mtu mwenye roho ngumu angefyatua. Lakini bunduki ile ilikuwa nzito mikononi, mapigo ya moyo wangu yalikuwa yanautingisha mtutu, na mbele ya mtutu alikuwapo yeye, awe yupo au hayupo. Niliushusha mtutu ukatazama chini. Nikasikia Bwana Nyama akisema kumi na mbili.

Nikakimbia. Nilikimbia pembeni, kwenye tope la kivukoni, nikipita ubavuni kwa mama mkwe, hatua baada ya hatua, mpaka mstari ukatoka kwake. Tenga lilimfunika mbele, halikumfunika ubavu. Nilipopita nilimwona uso wote. Alikuwa amefumba macho anaomba, midomo inakwenda haraka, na alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania miaka yote niliyomwogopa. Mbogo alipoona kitu kinakimbia, akanifuata mimi. Hilo ndilo nililotaka, ingawa miguu yangu haikukubaliana nami. Nilisimama, nikaweka kitako begani. Nyuma ya mbogo kulikuwa na mto tu. Nikafyatua.

Alikwenda chini kwa magoti ya mbele, akateleza kwenye tope hadi karibu na buti zangu, akatulia. Nikakaa chini mimi pia. 

"Thelathini na moja," akasema Bwana Nyama. Alikuwa amefika pale akikimbia, uso mwekundu, na alikiri baadaye kwamba hakutaka kuendelea kuhesabu. Hofu ilimwendesha kinywa, akasahau kuacha. Lakini alikuwa mtu wa sheria. Akaniambia tulipatana ishirini, na kwake, kazi ikiwa imesimama mbele yako, "tayari kwa kazi" maana yake ni kufyatua. Siku nyingine yoyote ningemjibu jambo la kunifukuzisha kazi. Siku ile niliendelea kupangusa tope la buti.

Akaniuliza kwa nini sikupiga pale nilipokuwa, hesabu ikiwa kumi. Nikamwonyesha tenga. Akauliza kwa nini mama yule aliingia matetini. Nikamweleza. Akauliza kwa nini hakunikimbilia mimi mwenye bunduki. Nikamweleza hilo pia. Akarudi hadi kwenye pikipiki, akafuata nyayo zangu kwenye tope mpaka niliposimama, akizihesabu kwa fimbo yake. Akarudi, akatoa daftari, akasema hesabu zilizozidi ishirini ataziandika kwa jina la mama, kwa kuwa ni yeye aliyezitumia. Akaandika kwamba nimeruhusiwa kubeba bunduki ya serikali kwenye pikipiki. Kisha akanong'ona kuniuliza kama yule chini ya tenga yu hai.

"Bwana aambiwe ni mzima," tenga likajibu, "ila mkwe wangu bado yuko hapa."

Bwana Nyama akanitazama mimi, akalitazama tenga, akaenda kumpima mbogo pembe.

Nikajua imenipasa kuondoka, niende mbali, nimpe mgongo ili ainuke. Nilijaribu. Lakini nilipofika kwenye pikipiki na kuirudisha bunduki kwenye ala, vidole vilikataa kuichomeka ile ncha ya mbeleko.  Nikasikia nyuma yangu tenga likiwekwa chini.

"Umeniona," akasema.

Sikuweza kudanganya. Nikajibu bila kugeuka, "Nimekuona, mama."

 Nilingoja anitajie mbuzi wa faini, maana kwa kosa kama lile hata mbuzi wawili wasingetosha. Nilisikia anaokota masuke, moja moja, akiyakung'uta. Mwishowe nikageuka, nikapiga goti upande wake wa barabara, nikaanza kuokota na mimi. Tulikutana katikati, mikono yake na yangu kwenye suke moja. Alikuwa na macho ya mke wangu. Nilianza kulia, mtu mzima, nimetoka Burma bila chozi.

"Umewahi, mwanangu," akasema.

Tenga lilipojaa alijiwekea kata ya nguo kichwani, akanyoosha shingo. Kumtwika mtu mzigo kichwani hakuna namna nyingine, lazima msimame uso kwa uso, karibu kabisa, mmoja akiinua na mwenzake akipokea. Aliningojea. Nikainua tenga, nikamtwika.